Gazeti Lenu Limeninyang'anya Msemaji wa Familia

Katoyi, Goma

Ndugu Mhariri wa gazeti la Taa ya Volkano,

Nakuandikia kwa heshima yote, ingawa heshima hiyo imepungua kidogo tangu toleo la Jumatatu, mlipoandika kwamba wapiga kura wenye akili watamchagua Bwana Fortunat awe mbunge. Mimi namuunga mkono Bwana Valentin. Kwa hiyo mmetangaza mbele ya mji mzima kwamba sina akili, na mke wangu Apolline ameubandika ukurasa huo ukutani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Picha. Fortunat mlimpiga picha amevaa tai, anatazama mbali kama mtu anayeiona barabara ya lami ikija. Valentin mlimpiga mdomo wazi, muhindi wa kuchoma mkononi. Ni kweli alikuwa anakula. Lakini hata Fortunat hula, na ukimtazama shingo utajua anakula vizuri.

2. Hali ya hewa. Siku ya mkutano wa Fortunat mliandika kwamba jua liliwaka. Siku ya Valentin mliandika kwamba mvua ilinyesha. Nilikuwepo, nililowa, sikatai. Lakini gazeti lisilo na upendeleo lingenyamaza, au lingewagawia mvua hiyo nusu kwa nusu.

3. Maji. Mliuliza katika tahariri bomba alilotuahidi Valentin katika uchaguzi uliopita liko wapi. Huo ni uchokozi. Sisi wa Katoyi tunabeba maji kwa bidoni kila asubuhi bila kumuuliza mtu. Mbona Fortunat hamkumuuliza bomba lake liko wapi? Eti kwa sababu hakuwahi kuliahidi. Yaani mtu ambaye hata kutuahidi hakutaka ndiye mnayemsifu.

4. Volkano yetu ya Nyiragongo ilitoa moshi siku Valentin alipoanza kampeni, nanyi mkaweka habari hizo mbili kwenye ukurasa mmoja. Sitasema zaidi.

5. Hili ndilo linaloniuma. Mdogo wangu Anastase, tuliyenyonya naye ziwa moja, alisoma tahariri yenu akavaa kofia ya Fortunat, akaingia nayo nyumbani kwangu. Nilipomuuliza mimi kaka yake, akanijibu: "Yaya, haiko miye njo nasema, ni gazeti njo inasema." Nilimfukuza. Nilimwambia asikanyage tena kwangu, nikaongeza na maneno mengine ambayo hata ninyi msingeyachapa.

Sasa Jumamosi hii wakwe wanatoka Masisi kuja kumwomba binti yangu Umutesi. Kwetu sisi baba wa msichana hasemi kitu siku hiyo. Baba mdogo ndiye husimama kuwajibu wageni, akawazungusha kwa maneno na mizaha mpaka wenyewe wakiri kwamba hawajaona msichana kama huyo. Katika ukoo wetu anayeiweza kazi hiyo ni Anastase tu. Apolline ananiuliza kila tunapokaa kula: "Papa Umutesi, samedi watu watakuya, nani atasemea mutoto?" Mimi huomba chumvi.

Kwa hiyo naomba uje wewe mwenyewe, Ndugu Mhariri, uisemee familia yangu. Mliweza kumsifu Fortunat safu tatu bila kutaja jambo hata moja alilolifanya, basi hamtashindwa kumsifu msichana mwenye kazi zake mikononi. Ukikataa, nitaelewa kwamba mnawapendelea hata wakwe zangu.

Wasalimie waandishi wote, na mama anayewapikia chai. Mpiga picha msalimie mwisho.

Ni mimi msomaji wenu, ambaye bado ananunua,

Jean de Dieu Habarurema

P.S. Kabla sijaifunga barua hii, redio imetangaza kwamba Valentin amejitoa na kumwachia Fortunat nafasi. Nimetoka nje nikawaona wakipita katika gari moja, wanacheka, wanatupungia mikono. Wao wamepatana kwa siku moja, na mimi sina ndugu. Basi futa malalamiko yangu yote, na Jumamosi usije. Badala yake, katika toleo la Ijumaa, andika tahariri kwamba Jean de Dieu wa Katoyi ni kaka mwema, mpole, anayestahili kusamehewa. Anastase huamini kila mnachoandika. Najua mengine si kweli, hasa huo upole, lakini safari hii nakuomba unipendelee.