Mafuta ya Shangazi

Jumatatu, 3 Machi
Ijumaa daktari anawadunga tumbili wote virusi, ndugu wa vile vya Ukimwi, aone kama chanjo yetu itawakinga. Nusu yao walichanjwa kweli, nusu walidungwa maji ya chumvi. Nani kapata nini, sisi wasafisha vizimba hatuambiwi. Na Shangazi yumo! Ni tumbili wangu. Nilimpa jina hilo kwa vile anavyonikazia macho nikichelewesha ndizi. Sikubali. Mgonjwa hadungwi, ndiyo sheria. Basi Shangazi ataugua. Kidogo tu. Akili ninazo!

Jumanne, 4 Machi
Nimenunua mafuta ya nyonyo. Nimeyajaribu mwenyewe kwanza, maana sina roho mbaya. Yanafanya kazi. Nimeshinda chooni. Mwenzangu wa zamu, tunayemwita Glavu kwa sababu hata chai anainywa kazivaa, kasema eti nategea kazi. Wivu tu. Yeye Shangazi hajawahi kumtafuta chawa kichwani.

Jumatano, 5 Machi
Ndizi yenye mafuta. Shangazi kanyoosha mkono, kala yote, hata hakuinusa. Ananiamini. Kufika mchana kizimba hakitazamiki. Ushindi! Glavu kakimbilia kwa daktari kusema. Mbea yule, lakini leo kanifaa. Nimesafisha huku napiga mluzi.

Alhamisi, 6 Machi
Daktari kamwondoa Shangazi kwenye jaribio. Nusura niruke. Kisha akasema kuhara kusikojulikana chanzo kunaweza kuwamaliza wenzake, kwa hiyo atalazwa usingizi wa moja kwa moja, utumbo ukapimwe. Nikasema labda ni ndizi tu. Akauliza nimejuaje. Nikitaja mafuta, kazi sina. Nikasema nimebahatisha tu. Mimi ndiye niliyemshika akidungwa sindano. Alikuwa akinitafuta chawa mpaka mkono wake ukalegea. Nina huzuni ambayo siwezi kumwambia mtu.

Jumamosi, 8 Machi
Dada yangu, anayeishi na virusi na kumeza vidonge kila siku, kaniuliza nalia nini. Nikasema tumbili kafa. Nilidhani atacheka. Kalia na yeye. Kasema huwa anawaombea hao tumbili kila siku, kwa ajili ya binti zake. Ya mafuta sikumwambia.

Alhamisi, 22 Mei
Majibu yametoka. Waliochanjwa kweli ni wazima, hata mmoja hakushikwa na virusi. Ofisi nzima imeshangilia. Nikamuuliza daktari, kama kwa utani, Shangazi alikuwa kundi gani. La chanjo, akasema. Nimeenda kukaa stoo, kwenye magunia ya chakula. Glavu kanifuata, kakaa kando yangu.

Ijumaa, 23 Mei
Wameletwa tumbili wapya kwa jaribio la pili. Nimeapa sitampenda yeyote. Yupo mmoja mdogo, sikio limechanika, katia mkono mfukoni mwangu. Nimemwita Mjomba. Na kosa langu nimeligundua: lilikuwa tumbo! Mjomba ataugua macho. Kitunguu kidogo tu. Hakuna anayempima mtu utumbo kwa sababu ya macho mekundu.