Mpaka Kahawa Ichemke

Jumanne, 12 Julai 1927

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi kwa jina la mama yako: usimsomee mtu. Hasa Brynjulf mpishi. Hasa yeye!

Mimi ni Eivind, karani wa msafara. Naichora ramani ya kisiwa hiki kwa wino safi, na jina langu halimo. Baba yake Torbjørg, mchumba wangu, ni mwindaji wa sili, wale wanyama wa bahari ya barafu. Aliniambia wazi kwamba binti yake haolewi na mtu ambaye hata matope hayaujui unyayo wake. Nikaapa kurudi na rasi yenye jina langu. Meli inatuchukua Jumamosi.

Tatizo ni desturi ya Mkuu wa msafara. Mahali hapahesabiwi kuwa pamegunduliwa mpaka kahawa ichemke pale, na jina ni la aliyeichemsha. Birika analo nani? Mpishi! Ndiyo maana tuna Kilima cha Brynjulf, Ghuba ya Brynjulf, na kijito kinachonuka kiitwacho Brynjulf Mdogo.

Leo nimemwomba Mkuu, kwa adabu, desturi ibadilishwe. Brynjulf akacheka hadi akapaliwa na samaki mkavu. "Karani wetu," akasema, "chemsha wino!"

Jumatano, 13 Julai

Nimeona rasi! Kwa darubini, upande wa kaskazini. Nyeusi, ya kokoto, haina mwenyewe. Jana sikuiona. Ukungu, bila shaka.

Kuiba birika ni kazi. Jua la huku halizami, mwizi hana giza. Nikalificha chini ya koti. Brynjulf akauliza mbona nimenenepa ghafla. Nikasema tumbo linauma. Akaninywesha mafuta ya ini la samaki, vijiko vitatu, akisimamia kila mmezo. Birika likalia kang'! Akasema, "Umesikia? Gesi hiyo."

Alhamisi, 14 Julai

Nimepiga makasia peke yangu, roho mkononi. Nikaona jiwe jeupe, nikaliamkia kwa heshima nikidhani ni dubu.

Nimefika! Nikasimika bendera (shuka langu). Nikawasha jiko. Kahawa ikaanza kuimba. Kisha jiko likaanza kuzama.

Chini ya kokoto: barafu. Rasi yangu ni pande la barafu lililojipaka uchafu! Jiko limezama, birika likalifuata, mashua ikaondoka bila kuniaga. Nikatazama kambi. Kambi ilikuwa inasogea.

Hapana. Ni mimi.

Ijumaa, 15 Julai

Brynjulf ameniokoa, mbali kusini mwa kambi. Alikuja kutafuta birika. Aliponiona mimi tu, uso ukamshuka. Tulipofika nchi kavu akanivika koti lake, akanichemshia kahawa kwa sufuria, papo hapo ufuoni, mahali ambapo kahawa haijawahi kuchemka.

Mkuu akafurahi sana. Sasa kuna Ufuo wa Brynjulf. Nimeuandika kwa mkono wangu!

Baadaye mpishi akaninong'oneza, "Bwana mdogo, si ungeniomba tu? Kesho twende wote, uchemshe wewe. Mimi majina yananichosha."

Mtego. Mimi si mtoto.

Jumamosi, 16 Julai

Moshi wa meli unaonekana. Nami nimeona rasi nyingine! Nyeusi kuliko ile. Jana haikuwepo, lakini jana ukungu ulizidi. Sufuria ninayo. Daftari naliacha juu ya pipa la chumvi.

Ukitaka kunipata: toka kambini, fuata ule ufuo (usiutaje jina), vuka kijito kinachonuka, ukifika ncha ya mawe piga kelele. Njoo na sukari, nimeisahau.

Ukikuta rasi haipo, tazama kusini.