Kurugenzi ya Hitilafu Sifuri

Jumatatu asubuhi Mkurugenzi wa Hitilafu alipanda jukwaani, akagonga kipaza sauti mara tatu, akatangaza kwamba kuanzia saa ile hitilafu yoyote katika programu za hospitali itaripotiwa kupitia mfumo mmoja tu, mpya, shirikishi na endelevu. Kuripoti kwa mdomo, kwa simu au kwa kukunja uso kulipigwa marufuku. Makofi yakapigwa dakika nzima, kama ratiba ilivyoelekeza.

Dada Mkato alipiga pia. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa programu ya miadi, na jina hilo alibandikwa siku aliposimamisha hospitali nzima kwa alama moja ya mkato aliyoitia pasipo pake kwenye programu. Tangu hapo hakuyadharau makosa.

Wiki ya kwanza haikuja ripoti hata moja. Ya pili, vilevile. Mkurugenzi akaagiza ubao utundikwe mlangoni: HITILAFU: SIFURI.

Wiki ya tatu shangazi yake Dada Mkato akaingia ofisini akipapasa ukuta, karatasi mkononi.

"Mwanangu, nisomee. Wamenipa lini kupasuliwa jicho?"

Dada Mkato akasoma, akarudia. Pembeni daktari alikuwa ameandika kwa mkono: siku kumi na moja. Programu ilikuwa imechapa: miaka kumi na moja.

"Miaka?" Shangazi akacheka. "Daktari kasema nikipitisha mwezi, basi tena."

Kosa lenyewe lilikuwa la dakika tano: programu ilisoma siku ikaandika miaka. Ila kulirekebisha bila namba ya ripoti kutoka kwenye mfumo kulikuwa ni kufukuzwa kazi. Dada Mkato akafungua mfumo mpya, akajaza visanduku ishirini na viwili, kikiwemo cha "Shughuli za hitilafu kabla ya kugunduliwa", akabonyeza Tuma. Kimya. Akabonyeza tena mpaka kidole kikamuuma.

Akaenda kwa Mkurugenzi. "Mzee, kitufe cha Tuma hakifanyi kazi. Ndiyo maana hatupati ripoti."

"Umeripoti?"

"Nitaripotije, mzee, na hakitumi?"

"Basi hakuna hitilafu." Mkurugenzi akapuliza chai yake. "Binti yangu, usinichafulie sifuri."

Dada Mkato alirudi mezani. Akamtazama shangazi yake, ambaye alikuwa akizungumza na koti lililotundikwa mlangoni akidhani ni karani. Akairekebisha programu, bila namba. Akachapa karatasi upya, akaanza kupanga vitu vyake kwenye boksi.

Ijumaa ikaja barua ya Wizara ya Afya. Mkurugenzi akawakusanya wote, akavaa miwani, akaisoma mwenyewe kwa sauti ya jukwaani:

"Wizara inakupongeza kwa dhati. Kwa kuwa hitilafu zimekwisha kabisa, Kurugenzi ya Hitilafu imevunjwa kuanzia leo. Mafundi watahamia hospitalini, chini ya muuguzi mkuu. Mkurugenzi, kwa kuwa hana tena cha kuongoza…" Akaikunja barua kabla ya kuimaliza, akaitia mfukoni.

Alimkimbilia Dada Mkato kwenye ngazi, tai imepinda.

"Binti yangu, lile kosa la miadi! Nenda kawaambie Wizara lipo!"

"Nimelirekebisha tangu Jumanne, mzee. Shangazi anapasuliwa wiki ijayo."

Mkurugenzi akashika ukingo wa ngazi, akatazama kushoto na kulia, akashusha sauti.

"Huna jingine? Hata dogo tu?"