Jiwe la Misuli ya Wazee wa Mkonze

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa bahati mbaya hakufika na hivyo ameniteua nijikaribishe mwenyewe. Waheshimiwa viongozi wa ngazi zote, pamoja na zile ngazi ambazo bado ziko kwenye mchakato. Viongozi wa dini, wadau, kamati ya chakula. Na ninyi wazee wetu, hazina yetu, mliosimama juani kwa kuwa viti ni vya wageni: shikamooni! (Wazee: "Marahaba.") Au kwa salamu ya Kigogo, mbukwenyi! (Minong'ono.)

Leo mimi, Mratibu Elisante, nazindua mradi mkakati wa kujenga misuli ya wazee, mradi nilioubuni mimi, nikausimamia mimi, nikahudhuria semina zake za hotelini mimi, na utafiti shirikishi unaonesha kwamba asilimia tisini na saba ya wazee waliopewa soda wanauunga mkono. (Makofi, meza kuu.) Wataalamu wanasema mzee akinyanyua vitu vizito kwa mpangilio magoti yanapata nguvu, haanguki ovyo, na akianguka anainuka. Hiyo ndiyo impact, ndugu zangu!

Mfano hai tunaye. Bibi Evodia yule pale, aliyejikalia juu ya jiwe letu la msingi lililofunikwa kitambaa, tangu ateleze mlangoni kwake hawezi kuinuka mpaka binti yake Anastazia amshike mikono, na Anastazia kapata kazi Chamwino, anahama Jumatatu. Bibi kafika mapema kuliko sisi sote, akauliza jengo la mazoezi liko wapi. Nikamjibu kitaalamu kwamba jengo lipo katika hatua ya dhana. (Kicheko, meza kuu. Bibi Evodia hacheki.)

Wapo wasiokosa la kusema, wanaolalamika kwamba gari lilishusha jiwe barabarani, wazee wakalibeba wenyewe hadi hapa. Jamani, mlitaka mazoezi gani tena? Ile ndiyo ilikuwa awamu ya majaribio, na imefanikiwa kwa kishindo. (Mzee Masudi anajishika kiuno.)

Mzee imara! (Wazee, kwa sauti hafifu: "Taifa imara.") Misuli oyee! (Mbuzi analia.)

Kwa hayo machache nawashukuru wote, na kipekee wenzetu wa Bahi waliotuazima jiwe hili, ambalo limeandikwa habari za soko lao, ndiyo maana hatukufunua kitambaa. Kuhusu jengo msiwe na wasiwasi: halijachelewa, maana halikuwahi kupangwa. Sasa wazee wangu, lirudisheni jiwe garini, saa nane linazindua kisima kwingine.

(Wazee hawasogei.)

Bibi, tafadhali, inuka.

("Mwanangu," anasema Bibi Evodia, "si umesema mtanifundisha kuinuka? Haya, nifundishe. Mimi nipo." Anastazia anaweka mikono yake nyuma.)

Asanteni kwa kunisikiliza. Dereva, hebu zima gari kwanza.