Nilivyomtangaza Mjomba wa Rehema Marehemu

Jamani, leo nimejianika mwenyewe, tena laivu.

Mnaujua ukurasa wangu wa habari za Morogoro. (Mwandishi wa habari, mimi! Chuo sijakanyaga, simu ina ufa. Ila mdomo ninao.) Leo nilitakiwa nitulie nyumbani Mafiga na shati langu la pasi, maana mjomba wa mchumba wangu Rehema alikuwa anashuka kutoka Mgeta kusikiliza posa. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Akikataa, umekosa mke.

Asubuhi Shabani, rafiki yangu wa bodaboda, akanipigia. "Kuna lori limeingia mtaroni huku njia ya Mzumbe." Nikaona mjomba atafika mchana, habari haisubiri. Shabani akanifuata, tukaenda.

Tunafika, matawi mabichi yamepangwa barabarani. Lami nyekundu tupu. Pembeni kuna mzee amelala, kafunikwa khanga gubigubi, miguu tu ndiyo inaonekana. Kusogea nikaogopa. (Ndiyo, naogopa damu.) Nikasimama mbali kama mjinga, nikafungua laivu.

"Ndugu watazamaji, ajali mbaya sana. Damu imetapakaa. Mzee wetu ametutoka, mwili wake mnauona pale."

Shabani akaninong'oneza, "Si ukaulize kwanza?"

"Acha ushamba. Mambo ya habari huyajui."

Pole zikamiminika, kichwa kikanivimba. Mara nikaona Rehema ameandika: "Hiyo khanga ni ya mama. Mjomba aliondoka nayo. Mjomba wangu jamani!"

Pale pale maiti ikakaa kitako, ikajikuna shingo.

"Kijana, unampiga picha nani?"

Alikuwa amejikinga jua tu, akisubiri lori alilopanda livutwe. Hiyo damu ilikuwa nyanya za Mgeta, matenga kwa matenga, zimepondeka.

"Shikamoo mjomba," nikasema. Simu yake ikaita, akapokea. Kwa kina Rehema wanalia, majirani wameshafunga turubai. Akawaambia yuko hai, akarudia mara kadhaa, ndipo wakamwamini. Kisha akanigeukia.

"Wewe ni nani hasa?"

Nami, kwa akili zangu zile zile, nikajibu, "Mimi ndiye mchumba wa Rehema."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka simu. "Aliyekuwa aje kusikiliza posa yako amefariki. Umemtangaza mwenyewe."

Akapanda bodaboda ya Shabani, akarudi Mgeta. Chekeni mkitaka, ila tafadhali msisambaze.