Harufu Iliyoshinda Magadi, Siki na Mkaa Garini Mwangu

Kwa Meneja,
Ofisi ya Maghorofa ya Cheongsol,
Cheongju.

Ijumaa

Ndugu Meneja,

Natumaini mvua hii ya Julai imekukuta salama. Mimi ni Tak Yeong-gyu wa jengo la 107, nyumba 302, mwalimu mstaafu wa hesabu na mtu mpole, kama wote wajuavyo isipokuwa mlinzi wako. Kesho nakwenda stesheni kuwapokea wazazi wa kijana anayetaka kumwoa binti yangu Sorin. Hatujawahi kuonana nao, na watapanda gari langu. Gari langu linanuka. Mke wangu ameniambia waziwazi: "Baba Sorin, wakishuka wameziba pua, harusi hakuna!"

Usidhani nimekaa tu. Wiki ya tatu sasa nalisafisha ndani, hapa hapa nyumbani, mbele ya jengo letu. Nimefyonza vumbi mpaka chini ya reli za viti, nikaokota hereni moja na vijiti vya kulia vitatu. Nimesugua kapeti kwa magadi na siki, na matundu ya kiyoyozi kwa mswaki wangu mwenyewe. Kwenye buti nimeweka mkaa. Kitu pekee ambacho sikukigusa ni mto wa mgongo alionishonea mama mwaka jana tuliponunua gari, kwa heshima yake. Ni mgumu kidogo, lakini unanyoosha uti.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Bomba la nje limefungwa kwa kufuli. Nateremsha ndoo kwa lifti, na Bi. Ma wa ghorofa ya tano ananiuliza kila siku kama tunahama.

2. Mlinzi alichomoa waya wangu wa umeme, niliouteremsha kwa adabu kutoka barazani kwangu ghorofa ya tatu. "Mwalimu, hapa ni maegesho au karakana?" alinifokea mbele ya watu niliowafundisha kugawanya.

3. Bwana Pyo wa 202, anayeegesha kando yangu, hupika mchuzi wa maharage yaliyochachushwa kila Jumapili, madirisha wazi. Harufu inashuka moja kwa moja garini. Nilipomkabili alicheka: "Mwalimu, mchuzi wangu hauna leseni ya udereva." Hilo si jibu.

4. Kwa hiyo naomba jengo zima lisipike chochote chenye harufu hadi siku ya harusi. Wakigoma, wahamishwe. Gari haliwezi kuhama, kwa kuwa nafasi yangu ina kivuli.

Mashahidi ninao, ila mama, mwenye miaka themanini na mmoja, ndiye peke yake anayesema gari linanukia vizuri. Msamehe. Ni mama huyo huyo aliyetaka kuweka samaki mkavu aliyefungwa uzi mweupe garini, eti tusipate ajali. Nilimkatalia, naye akakubali siku hiyo hiyo bila ubishi.

Wasalimie nyumbani, wafanyakazi wote wa ofisi, na hata mlinzi.

Wako mwenye subira inayopungua,
Tak Yeong-gyu

N.B. Jumatatu. Nilikuta ofisi imefungwa, barua ikabaki mfukoni. Jumamosi Bwana Maeng, baba wa kijana, alikaa mbele karibu nami. Akanusa. Akanusa tena. Jasho likanitoka. Mara akanyoosha mkono, akabonyeza mto wangu, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. "Ah, mkwe! Kumbe na wewe mama kakuwekea? Samaki wangu yuko chini ya kiti, nimekatazwa hata kumsogeza!" Tulifumua mshono hapo hapo stesheni. Samaki mzima, na uzi wake mweupe. Mwaka mzima nimemwegemea.

Nilimpigia mama simu kwa ukali. Aliniuliza swali moja tu: "Umeshapata ajali?" Sijapata. Nimemshonea samaki wake ndani tena kwa furaha, maana harusi ni Oktoba.

Basi futa lalamiko la pili, la tatu na la nne. Bwana Pyo nimemwomba radhi, naye akanipa sufuria nzima ya mchuzi nimpelekee mama. Imemwagika yote kiti cha nyuma. La kwanza libaki: naomba bomba.