Nyota Kwenye Kitako cha Jagi

Jumatatu, 3 Machi
Miaka kumi na mmoja nafuta vumbi katika duka hili la vitu vya kale. Leo shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyeajiriwa juzi tu (tena niliyemwombea kazi ni mimi!), kaitwa "Profesa" mbele ya wateja. Kisa? Kageuza bilauri, kachungulia kitako kwa lenzi, kaona alama ya kiwanda, kasema ina miaka tisini. Mama mwenye duka akapiga makofi! Ijumaa kila mmoja wetu atachagua kitu kimoja na kutaja umri wake. Mshindi atakabidhiwa ufunguo wa kabati la vioo. Ufunguo ule ni wangu. Wivu? Naam, unanitafuna.

Jumanne, 4
Nimekariri kitabu chote cha alama. Nyota ya miale sita: kiwanda kilichofungwa zaidi ya miaka mia iliyopita. Nikamwonyesha Profesa chupa moja, nikasema ya kale sana. Akasema ni ya siki, na tarehe ya mwisho wa kutumia bado inasomeka ubavuni. Mama mwenye duka alicheka mpaka akakaa chini. Nyumbani mke wangu akasema kaka yake ana macho tangu utotoni. Kwani mimi nina vifungo vya shati?

Jumatano, 5
Penye nia pana njia! Stoo kuna jagi lisilo na alama, halitazamwi na mtu. Nimelibeba nyumbani ndani ya sweta. Nimeazima kikata kioo kwa fundi madirisha. Mchana, jikoni, mke akiwa kazini, nikachora nyota. Miale sita barabara.

Ijumaa, 7
Nikainua jagi. Nyota! Zaidi ya miaka mia! Makofi. Mke wangu, aliyekuja kushuhudia, akanitazama kama siku za uchumba. Raha iliyoje!

Kisha Profesa akaomba lenzi. Akasema jagi ni la kale kweli: kitako kimejaa mikwaruzo ya kusukumwa mezani miaka nenda rudi. Ila nyota imekata juu ya mikwaruzo yote, yenyewe haina hata mmoja. Jagi lina miaka mia mbili, akasema, nyota ina siku mbili. Enzi zile hawakuweka alama. Lilikuwa kitu cha thamani kuliko vyote dukani, hadi juzi.

Mke wangu akauliza, duka zima likisikia, kama ndicho kile kivumbi cha kioo alichokifuta jikoni.

Jumatatu, 10
Ufunguo unaning'inia shingoni kwa Profesa. Sikufukuzwa, yeye ndiye aliyeniombea msamaha. Wema wake unaniuma kuliko jino! Akanisihi nijifunze kutokana na kosa.

Nimejifunza. Jumapili nzima nimejichunguza, hata machozi yalinitoka. Kosa langu ni moja tu: sikukwaruza juu ya nyota.

Leo nimeona bakuli zuri stoo, kitako kitupu. Msasa ninao.